Davis wa Kwenye Kalenda

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Aliyesema hivyo hakumjua Onyancha wa Mansfield, Texas, ambaye ameshiriki kwa miaka ishirini na miwili na bado kila mwaka ananunua mkanda mrefu zaidi.

Ni mtu mwema, tusimwonee. Anafanya kazi kwenye maabara ya hospitali moja huko Fort Worth, hanywi, na kanisani ndiye hupanga viti. Lakini kwa mkewe Immaculate macho yake hayalali. Immaculate akicheka kwenye simu, Onyancha huzima televisheni. Akijipaka marashi mapya, Onyancha huzunguka nyumba akinusa kama mtu anayetafuta gesi inakovujia.

Immaculate ni muuguzi. Hufanya zamu tatu ndefu kwa wiki, zikiisha yuko huru. Watoto walipokwenda chuo kikuu, nyumba ikapoa, naye akaanza jambo lililozungumzwa na akina mama wa ushirika wa Wakenya mwezi mzima: alipanda gari peke yake akaenda San Antonio kuangalia makanisa ya kale ya mawe. Baadaye akaenda kulitazama korongo la Palo Duro. Kisha akatoka nje ya Texas kabisa, hadi Santa Fe. Abiria wake alikuwa chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwenye foili.

Onyancha alichukia. Mwanamke mzima aendeshe maili mia nne kwenda kuangalia mawe? Mawe waliyaacha kwao Kisii, tena mazuri ya kuchonga. Mkewe aliporudi, yeye alitoka kwanza kusoma maili kwenye dashibodi, akapiga hesabu, akakuta zinalingana na safari. Hilo halikumtuliza. Lilimwonyesha tu kwamba ameoa mwanamke mwerevu. Alichoogopa kilikuwa kimoja, kwamba siku moja gari lile litaondoka lisirudi, na atakayekuwa amelizuia ana jina la kiume.

Safari zote Immaculate aliziandika kwenye kalenda iliyobandikwa kwenye friji, jina la mahali na basi. Majina yenyewe hayakumsumbua Onyancha, kwa kuwa hakuna Mkenya aitwaye Palo Duro. Mpaka Jumatano moja ya mwezi wa kumi, alipokwenda kutafuta maziwa akaona, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, neno moja kwa wino wa bluu: Davis.

Akina Davis wamejaa Kenya nzima, na mmoja alikuwa papo hapo kwenye ushirika wao: Davis Mutuku, wakala wa nyumba, miaka thelathini na minane, hajaoa, na humwita Immaculate "shem" kwa sauti iliyotiwa asali. Kumuuliza mkewe hakukumjia akilini. Mwizi haulizwi, mwizi hushikwa. Alimpigia Davis, akajifanya anatafuta mtu wa kumsaidia kuhamisha kochi Jumamosi. Davis akaomba radhi. Wikendi hiyo atakuwa Stafford, kule kusini, kwa dadake, alisema, kuna jambo dogo. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwa Onyancha hilo jambo dogo lilikuwa wingu jeusi tii.

Ijumaa Immaculate aliaga kwamba anaelekea magharibi. Onyancha alijua vizuri kuwa mtu anayekwenda kusini ndiye husema anakwenda magharibi. Siku nzima aliwaona kwa mawazo wawili hao wakila sahani moja, Davis akimchagulia mkewe vipande vinono. Chai ikamshinda, na Mkisii akishindwa na chai mjue mambo yameharibika. Jumamosi asubuhi akaingia garini, akaendesha mwendo wa saa nne hadi Stafford bila redio, akiyafanyia mazoezi maneno atakayosema. Nyumba ya dadake Davis aliijua, aliwahi kufika pale kwenye mchango wa matanga.

Alikuta moshi wa nyama uani, watu kama ishirini, na Davis kavaa aproni akigeuza mbavu. Jambo dogo lilikuwa ubatizo wa mpwa wake. Davis alifurahi kwelikweli kumwona, akamkumbatia.

"Mzee, karibu sana. Na shem amebaki kwa gari?"

Mjanja huyu, aliwaza Onyancha. Akaomba kuonyeshwa choo, akafungua kila mlango isipokuwa wa choo. Chumba cha kwanza kilikuwa na makoti kitandani. Cha pili kilikuwa na nyanya akimlaza mtoto aliyebatizwa, naye alimkazia macho mpaka akaomba msamaha. Basi akarudi uani, akasimama mbele ya Davis ili aone atakavyobadilika rangi, akampigia mkewe na kuiweka simu kwenye spika.

"Uko wapi?"

"Davis," akasema Immaculate. Upepo ulikuwa ukivuma nyuma yake.

"Davis niko naye hapa. Nimesimama mbele yake."

Mbavu zikaacha kugeuzwa. Onyancha akaamini amemshika mkewe.

"Hapo ni wapi?"

"Stafford."

Sauti ya Immaculate sasa ilikuwa ya kuchoka tu. "Baba Kemunto, Fort Davis ni mji. Una ngome ya askari wa zamani. Mwezi wa nane nilikuomba tuje pamoja, ukasema mgongo wako hauwezi kukaa kwa gari zaidi ya masaa mawili."

Onyancha alitafuta kitufe cha kuzima spika, akakikosa.

"Na leo ume-drive masaa manne kutafuta mwanaume. Mgongo unasemaje?"

Ulikuwa unauma, kusema kweli, tangu alipopita Huntsville. Uani hakuna aliyetafuna. Onyancha aliuliza atarudi lini, kwa sauti ndogo.

"Jumatatu. Ama Jumanne, nikipata mahali pengine pa kuona. Mpe Davis nimsalimie."

Angekataaje mbele ya watu wote wale? Davis alijifuta mikono, akatoa simu kwenye spika kwa heshima, akasogea kando.

"Shem, pole kwa hayo. Sasa niambie, huko kukoje?"

Onyancha alijaribu kukumbuka ni lini yeye aliuliza hivyo. San Antonio hakuuliza, wala Palo Duro. Santa Fe aliuliza habari za matairi. Sasa alisikia upande wa Davis tu: hospitali ya askari, ati? Askari weusi? Na vitanda vyao bado vipo? Kisha, kutoka ndani ya simu, kicheko cha mkewe, kirefu, cha mtu aliyeulizwa alichotamani kuulizwa. Onyancha aliona wivu kuliko siku zote za maisha yake, na hakuwa na wa kumshtaki.

Akaenda, akanyoosha mkono apewe simu yake. Davis akainua kidole kumwomba asubiri.

"Kidogo tu, mzee. Hadithi ndiyo inafika kwa milima."