Nusu ya Pili ya Kombe

Maabara nzima ilimwita Bibi Nusu, naye hakununa, maana jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kila kombe la chaza lililopita mkononi mwake alilikata vipande viwili: kimoja cha kutobolewa, cha pili akakifunga kwenye karatasi na kukitia kwenye droo. Wenzake walimcheka kwamba anahifadhi vigae. Akawaambia akiba haiozi, akaendelea kukata.

Chaza hujenga kombe lake mwaka hadi mwaka, mstari juu ya mstari, na kila mstari huhifadhi alama ya maji ya wakati huo. Bibi Nusu aliifuata mistari hiyo kwa kekee nyembamba kama ya daktari wa meno, akakusanya unga, na mashine ikapima oksijeni iliyomo, nyepesi na nzito. Oksijeni nzito ikipungua, ujue bahari imepata joto. Kila kipimo kiliingizwa daftarini pamoja na jina la aliyetoboa. Kwa miaka ishirini na miwili jina lilikuwa lake, na oksijeni nzito ilikuwa ikipungua, hasa kwenye makombe yaliyookotwa karibu na bomba la kiwanda linalomwaga maji ya moto baharini.

Wenye kiwanda walipolalamika, mkuu mpya wa maabara alimwita ofisini akamsukumia karatasi. Ilisema fundi alichanganya mistari, kwa hiyo vipimo vyote vya bombani vifutwe. Ilibaki sahihi ya fundi huyo, Bibi Nusu, tu.

Nyumbani dada yake alimsihi asaini yaishe. Amebakiza miezi minane astaafu, ya nini kushindana na wakubwa? Bibi Nusu akasukuma sahani kwa hasira. Mgongo umepinda kwa kazi hii, leo aambiwe hajui kufuata mstari!

Asubuhi alimfungulia mkuu droo zote mbele ya mafundi, akamtaka achague nusu zozote za bombani atoboe mwenyewe. Mkuu akatoboa tatu. Mashine ikatoa namba zilezile.

Mkuu hakukubali. Akapekua droo moja baada ya nyingine mpaka akaibuka na karatasi iliyogeuka manjano, yenye mwandiko wa Bibi Nusu: Nimechanganya mistari, msitumie. Chini yake, sahihi.

"Kumbe unakosea," akasema.

"Mwaka wangu wa kwanza huo," akajibu Bibi Nusu. "Nilikosea, nikaandika, nikasaini bila kuitwa ofisini. Kosa langu nalijua, bwana mkubwa. Hilo lako silitii sahihi."

Akaichukua karatasi yake, akaifunga nayo tena ile nusu ya kombe, akairudisha ilipokaa miaka yote. Mkuu akageuka kuomba daftari, avifute vile vipimo vitatu. Fundi wa mashine alikuwa ameshaviingiza kwa wino, vya bombani, na pembeni ya kila kimoja jina la aliyetoboa: la mkuu mwenyewe.