Kigoda Alicholetewa Kitheka

Ilikuwa Krismasi ya mwaka wa 2010. La, nimekosea. Mwaka wa 2010 mvua ya vuli ilikataa kabisa, mbuzi walikuwa mifupa mitupu, na huku Kalamba hakuna aliyechinja. Ilikuwa 2011, mwaka ambao kunde zilijaa shambani hadi watu wakasahau walivyokuwa wakilia.

Mzee Kitheka, mchonga vigoda, alikuwa na sheria yake ya Krismasi. Siku hiyo hakuna aliyeingia kwake na zawadi ya duka. Kila mtu alileta alichotengeneza kwa mkono wake. Mkewe Kalondu alisuka kiondo cha mkonge, binti yake Mutindi alishona vitambaa vya viti, wajomba walileta mwiko au kamba ya kufungia ng'ombe. Watu wakitoka kanisani walikaa uani, kila kitu kikapita mkono kwa mkono, kikasifiwa au kikatolewa makosa. Miaka mingi ilikuwa ni raha tu.

Kitheka alikuwa mtu mwema ukikutana naye njiani. Shida yake ilikuwa kwenye mbao. Kigoda chake kilitoka kwenye gogo moja la mti wa mukau, kikalio na miguu yote mitatu, hakina msumari wala gundi. Alipenda kuwaambia wazee wenzake, "Kilichoungwa kitaachana, na kitaachana mbele ya watu."

Mwaka huo mwanawe Kimeu, kijana wa miaka ishirini na mmoja, alileta kigoda. Kilikuwa chake cha kwanza. Alikichonga kwa siri miezi mitatu nyuma ya ghala, akikifunika kwa gunia kila babake alipopita. Wiki ya mwisho mguu mmoja ukapasuka. Akachonga mwingine wa mukau, akaupachika kwa gundi, akaupaka mafuta na masizi mpaka mshono ukapotea. Kisha akaomba Mungu.

Kitheka alikipindua. Ukucha wa kidole gumba ukateremka polepole kwenye mguu, halafu ukasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni kigoda, baba."

"Kigoda nakiona. Hii hapa?"

Kimeu akainama kuutazama mguu, kana kwamba hajawahi kuuona.

"Huyu kijana ameniletea mgonjwa," Kitheka akawageukia wajomba. "Kigoda kimevunjika mguu hata hakijakaliwa! Nikikalie ama nikipeleke hospitali?"

Watu wote uani wakaangua kicheko. Na kicheko cha watu ni kama pombe, mtu akikionja hutaka tena. Kitheka akakiweka chini, akakipiga teke moja, mguu ukaruka. Akauokota na kuusukuma motoni, chini ya sufuria ya mbuzi.

"Angalau uivishe nyama."

Kimeu naye alicheka. Hilo ndilo Kitheka alikuja kulikumbuka kuliko mengine yote. Mtoto alicheka, meno yote nje, akala, akawaoshea wanawake masufuria. Asubuhi yake kitanda kilikuwa kimetandikwa na mwenyewe ameshapanda gari la Mombasa.

Simu zilikuja, lakini kwa mamake. Kalondu akimaliza kuongea alisema tu, "Ako salama," naye Kitheka akaendelea kupiga tezo kana kwamba si yeye aliyeambiwa. Kila Krismasi Kalondu alipakua sahani moja zaidi, akaifunika kwa nyingine. Jioni kuku wakaila.

"Atarudi," Kitheka alisema. "Njaa ya mji humrudisha mtu."

Njaa haikumrudisha. Alirudishwa na kifo cha Kalondu, mwaka wa 2018. Alisimama ng'ambo ya kaburi, amekonda, anakohoa ndani ya kitambaa. Kitheka alikuwa na neno. Alikuwa amelitayarisha siku tatu nzima, neno dogo tu la kuomba radhi, hata la kusemwa kwa pumzi moja. Lakini pasta akaomba tena, watu wakaja kumpa pole mmoja mmoja, na alipoinua macho, ng'ambo ya kaburi palikuwa na makoleo tu yaliyosimikwa kwenye udongo. Baada ya hapo namba ya Kimeu haikushika tena.

Kitheka akawa mtu wa kusifu kila kitu. Krismasi aliletewa mwiko uliopinda kama mkia wa nguruwe, akasema, "Huu ni mzuri sana." Watu wakatazamana.

Basi Krismasi ya 2023, mvua imekata barabara kila mahali, bodaboda ikaingia uani imemleta mama mmoja aliyevaa buibui, matope mpaka magotini. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa leso.

"Hodi hapa! Hapa ndipo kwa Mzee Kitheka, mchonga vigoda?"

"Ndipo. Karibu, mama."

"Shikamoo, baba."

Kitheka alibabaika kidogo, maana huku hatuamkiani hivyo sana. "Marahaba."

"Mimi naitwa Mishi. Nimetoka Mombasa. Kimeu alikuwa mpangaji wangu."

Mutindi, aliyekuwa akigeuza chapati, akaacha.

"Ako wapi?" Kitheka akauliza.

"Kaa kwanza, baba."

"Nimekaa tangu 2011. Ako wapi?"

Mishi akaweka mzigo mapajani. Akasema Kimeu alikufa mwezi wa nane. Kifua. Alikuwa akichonga twiga na vifaru vya kuuzia wageni, na vumbi la mbao likamwingia mpaka likamshinda. Simu yake iliibwa wodini.

"Tuliuliza makanisani, tukawauliza Wakamba wa pale karakana. Walijua tu ni mtu wa Makueni. Makueni ni kubwa, baba. Alikaa mochari mwezi mzima, kisha tukamzika kule kule, mimi na wenzake wa kazi. Juzi natoa vitu vyake chumbani ndipo nikakuta hii chini ya kitanda, na karatasi. Nikasema basi nikufikishie siku yenyewe."

Karatasi iliandikwa kwa penseli. *Baba. Kitheka, Kalamba. Krismasi.*

Kitheka akaifungua leso. Kilikuwa kigoda cha mvule, rangi ya chai ya rangi, kikalio chake kimepambwa kwa waya wa shaba, nyota ndogo ndogo zikizunguka ukingo. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchonga kitu kama hicho, na alilijua hilo papo hapo.

Akakipindua. Safari hii hakuhitaji ukucha. Miguu miwili ilitoka kwenye gogo lenyewe. Wa tatu ulikuwa wa mukau, umeungwa kwa kijiti cha mti bila tone la gundi, na ubavu wake mmoja ulikuwa mweusi wa kuungua. Weusi huo ulikuwa umepakwa mafuta ukang'aa. Haukuwa umekwanguliwa.

"Huu niliuchoma," akasema.

"Mwaitu aliutoa motoni," Mutindi akajibu, akimtaja mamake. "Ulipogeuka kuongea na wajomba. Aliumwagia maji ya kunawa mikono, akauficha ndani ya kiondo. Najua alimpa Kimeu alfajiri, kabla hajapanda gari."

"Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Miaka yote hii uliniuliza, baba?"

Chapati ikaungua kwenye kikaango na hakuna aliyeigeuza.

Kitheka akakiweka kigoda chini, karibu na meko, pale pale alipokiweka kile kingine.

"Baba, usikikalie," Mutindi akasema. "Wacha tukiweke tu ndani."

Akajishusha polepole, mikono magotini, akaegemeza uzito wake wote upande wa ule mguu uliounguzwa. Kigoda hakikutikisika. Mshono haukulia hata kidogo. Afadhali ungevunjika.

Alipapasa chini, vidole vikakaa kwenye ule weusi.

"Mama Mishi, ulimwona akiutia huu mguu?"

"Nilimsikia akigonga, baba. Mlango alikuwa anaufunga kwa ajili ya vumbi."

"Alikuwa anacheka, kama alivyocheka siku ile?"

Mishi akamtazama Mutindi, kisha akatazama chini.

Mwezi wa pili, barabara zilipokauka, Kitheka alienda Mombasa na kigoda begani. Mishi akampeleka makaburini, akamwonyesha tuta moja kati ya matuta yanayofanana. Mzee akakaa kando ya lile tuta, akalisema lile neno lake dogo, na kweli lilitosha kwa pumzi moja. Kisha akauliza, kama alivyokuwa ameshamuuliza Mishi, na Mutindi, na pasta, na kila mchonga mbao aliyekutana naye sokoni:

"Ulipouacha huu weusi, Kimeu, ulikuwa unacheka?"