Mdogo wangu aliucheka uso wa mama kwenye gemu, na hajui

Admin, nisaidie kulificha jina langu, maana huyu ninayemsema anaifuata page hii kila siku.

Mimi ni dada wa miaka 33, naishi Sakina hapa Arusha na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 24. Mama yetu alifariki mimi nikiwa na miaka kumi na moja, yeye miwili. Picha zake mbili tulizokuwa nazo zilioza kwa mvua iliyovuja nyumbani kwa bibi, kwa hiyo sura ya mama ninayo mimi peke yangu kichwani. Mdogo wangu hamkumbuki hata kidogo.

Kazi yangu ni kuchora kwenye kompyuta. Mwaka jana kampuni moja ya nje inayotengeneza gemu la mtandaoni ilinipa kazi, nikatia saini kwamba sitamwambia mtu. Walitaka shujaa wao wa kike, yule binti mwembamba wa siku zote, achorwe upya awe mama mtu mzima aliyepitia vita. Wiki nzima uso haukuja. Siku moja mkono ukachora wenyewe: paji pana, pengo kwenye meno ya mbele, jicho la kushoto dogo kidogo kuliko la kulia. Alikuwa mama. Nikamwacha hivyo hivyo, na wao wakampenda.

Picha ilipotoka, wachezaji walichafukwa. Kwenye magrupu ya hapa kwetu waliandika, "Mmetuharibia gemu." "Huyu ni shujaa au muuza pombe ya mbege?" "Mrudisheni wetu wa zamani." Nilisoma kidogo nikaweka simu chini. Watu siwajui, nikasema yatapita.

Jumamosi yake mchana nilikuwa jikoni nachambua mchicha, mdogo wangu akaingia anacheka mpaka anashika ukuta. Gemu hilo analicheza tangu yuko sekondari.

"Sista, hebu cheki huyu bibi waliyetuletea! Jicho moja limelala, utadhani kalewa. Nimemtengenezea video, watu wanashea balaa."

Akanionyesha. Alikuwa ameuvuta ule uso, akalikuza pengo, akamwekea sauti ya mbuzi.

Nikamuuliza, "Kwani amekukosea nini?"

"Ana sura mbaya tu, Sista. Mimi namtaka yule demu wa zamani."

Sikulia. Hata hasira sikuisikia. Nilimwambia anawe mikono, tukala, nikamwongezea mboga. Tangu siku hiyo nipo nipo tu. Naamka, nachora, nalala. Kanisani wakiniuliza kama naumwa nasema hapana, maana sioni panapouma.

Wiki mbili baadaye kampuni ikaniagiza nimrudishe binti wa zamani. Sikubishana. Nikalifuta jicho, nikaliziba pengo, nikatuma. Mdogo wangu alipiga kelele sebuleni, "Tumeshinda!" Nikampa hongera.

Sasa shida ndiyo hii. Mdogo wangu anaoa Desemba. Jumapili tulipotoka ibadani alinishika mkono pale nje, hana utani hata kidogo.

"Dada, siku ya harusi sitaki kiti cha mama kikae kitupu. Wewe ndiye unamkumbuka. Nichoree mama. Mchore alivyokuwa, usimpambe. Na mimi nimuone hata mara moja."

Nikamjibu sawa. Leo siku ya tisa sijachora hata mstari. Nikimchora alivyokuwa, atamtambua palepale kuwa ndiye yule aliyemcheka, na ile video bado inazunguka kwenye simu za watu. Nikimchora mwanamke mwingine, atasimama mbele ya ukoo wote anamshukuru mtu ambaye hakumzaa, na atamtundika ukutani awaonyeshe wanawe.

Jana kaleta fremu, nzuri kweli, ya mbao ya mninga. Ameiweka mezani, ananisubiri mimi.

Wenzangu, nyie mngemchora mama yupi? Nishaurini, hata kwa maneno makali. Nitasoma yote.