Mstari wa Nne Begani mwa Baba

Harufu ya wanga uliochemka ndiyo iliyokuwa ikiniamsha kila Jumamosi. Baba aliupika mwenyewe kwa unga wa muhogo, mwepesi kama uji wa mgonjwa, akauchuja kwa kitambaa, akalichovya shati lake jeupe na kulianika uani mapema, kabla malori hayajaanza kunguruma kwenye foleni ya kwenda mpakani. Lilipokaribia kukauka alilitandaza juu ya meza iliyofunikwa blanketi, akaijaribu pasi ya mkaa kwa tone la maji, kisha akaanza na ukosi. Baada ya ukosi yalifuata mabega, mikono, na mwisho kifua. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia, wala mama. Alipomaliza alichukua vitambaa viwili vyeusi vyenye mistari mitatu ya rangi ya dhahabu, akavivika mabegani mwa shati, akalitundika kabatini pamoja na suruali, koti, tai na kofia, akafunga mlango. Ndiyo ilikuwa safari yote ya nguo ile. Kwa muda wote tulioishi Tunduma sikuwahi kumwona ameivaa. Nilipomuuliza sababu alisema nguo ya kazi huvaliwa kazini.

Baba alikuwa rubani wa ndege za abiria. Alizaliwa kwa wakulima wa kahawa karibu na Mbozi Mission, akasoma kwa bidii hadi akapelekwa kujifunza urubani, na kwa miaka kumi na moja alikaa kiti cha kulia katika ndege za kampuni moja kule Dar es Salaam. Mistari mitatu ilikuwa ya rubani msaidizi. Minne ilikuwa ya rubani mkuu, anayekaa kushoto, ambaye neno lake ndilo la mwisho ndege ikiwa angani. Alikuwa ameshafaulu mitihani ya mstari wa nne na alikuwa anangoja kuthibitishwa tu. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila mahali watu walikuwa wakipunguzwa kazini, na siku orodha ilipobandikwa ukutani jina lake lilikuwamo. Yeye na wenzake waliambiwa kwamba hali ikitengemaa wataitwa. Wengi waliyasikia maneno hayo kama namna ya kuagana. Baba aliyaamini. Tukahamia Tunduma, alikozaliwa mama, na mama akaanza kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kununua vitenge vya kuuza. Baba alipalilia mahindi ya babu, alikwenda posta kila Jumanne na Ijumaa, na Jumamosi alipiga pasi.

Nilikuwa darasa la tano, na kwa kuwa hakuwa na ndege ya kukagua asubuhi, alinikagua mimi. Nilisimama mlangoni kwenye ubaridi wa Juni nikitetemeka, naye akapitisha macho polepole: kola, vifungo, kucha, soksi ziwe zimelingana urefu. Kama kiatu kilikuwa na vumbi kwenye mshono, nilirudi ndani. Vumbi la Tunduma lilikuwa halimwachi mtu, na kabla sijafika shuleni kazi yote ilikuwa imeharibika. Siku moja nilimlalamikia. Nilimwambia watoto wenzangu wananicheka, wananiita rubani wa vumbi, na kwamba hata mwalimu mkuu mwenyewe hapigi viatu vyake dawa.

Baba alichuchumaa tukawa sawa kwa urefu. "Sekela, abiria akipanda ndege hanijui," alisema. "Hajui nilisoma wapi wala nililala saa ngapi. Ana mtoto mgongoni na ananikabidhi roho yake na ya mtoto. Kitu pekee anachokiona ni shati langu. Nikiwa sikuangalia kifungo changu, kwa nini aamini kwamba niliangalia mafuta?"

Nilikwenda kufuta viatu.

Mwishoni mwa msimu ule wa mavuno alikuja nyumbani Mzee Shabani. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Kondoa, aliyefika Tunduma zamani akiuza ngozi, na sasa alikuwa ameingiza mabasi mawili ya kwenda Dar es Salaam. Alikuwa mpole, mwenye kanzu safi na sauti ya chini. Mama alimwekea chai na mihogo ya kuchemsha, nami nikabaki kwenye mkeka nikijifanya naandika hesabu.

"Baba Sekela, sitazunguka," alisema. "Nimepata madereva wengi, ila kila nikiwatazama naona watu watakaoniulia abiria. Nataka mtu anayejua maana ya kubeba watu. Nakuomba uniendeshee basi."

Baba alizungusha kikombe chake. Mzee Shabani akadhani anasitasita kwa ajili ya heshima, akatoa bahasha mfukoni na kuimimina mezani. Vilikuwa vitambaa viwili vya mabegani, vipya, vyeusi, vyenye mistari minne inayong'aa. Alikuwa amevishonesha kwa fundi mjini Mbeya.

"Nataka madereva wangu wavae kama marubani," alisema. "Abiria wapende. Nawe nimekupa vya kwanza, kwa kuwa wewe ndiye mwenyewe."

Nilimwona baba akivitazama vile vitambaa bila kuvigusa. Kisha akavisogeza taratibu, kwa ncha za vidole, hadi upande wa mgeni.

"Mzee wangu, nakushukuru kwa heshima. Kuhusu basi, nipe hadi Jumapili nifikiri. Lakini hivi siwezi kuvaa. Minne sijaipata. Mimi ni wa mitatu."

"Nani atakayehesabu huku Tunduma, Baba Sekela?"

"Mimi."

Mzee Shabani hakukasirika. Aliirudisha bahasha mfukoni, akamaliza chai, akaaga. Mama aliosha vikombe kwa kelele kuliko kawaida. Mimi nilibaki na neno moja kichwani: sijaipata. Kwa akili yangu ya miaka kumi na moja, niliona jambo lilikuwa jepesi kuliko wakubwa walivyolifanya. Baba alipungukiwa mstari mmoja. Kampuni ilikuwa haimwiti kwa sababu alipungukiwa mstari mmoja. Basi mstari ungetafutwa.

Alhamisi, siku ya soko, nilimsindikiza mama Nakonde. Alipokuwa akichagua vitenge nilikwenda kwenye kibanda cha mama mmoja wa kabila la Wabemba aliyeuza nyuzi, vifungo na mapambo ya nguo za arusi. "Mulishani," akanisalimu, nami nikamweleza kwa Kiswahili ninachotaka, utepe wa dhahabu mwembamba, urefu wa viganja viwili tu. Alicheka, akasema hakuna mtu anayeuza kipande kidogo namna hiyo, akanikatia mwisho wa utepe na kunipa bure. Niliubeba ndani ya kiganja nilichokikunja njia nzima, kupita kizuizi cha mpakani, kupita malori, hadi nyumbani.

Ijumaa jioni baba alipokwenda kwa babu, nilifungua kabati nikavitoa vile vitambaa vya mabegani. Nilishona nikiwa nimekaa sakafuni karibu na dirisha, kwa sindano ya mama na uzi mara mbili ili usikatike. Utepe wangu ulikuwa wa manjano zaidi kuliko ile mistari yake na ulikwenda upande kidogo, lakini nilipovitandaza magotini vitambaa vyote viwili nilihesabu moja hadi nne, na furaha niliyoisikia siku ile sijaisikia tena kwa kazi yoyote ya mikono yangu. Nilivirudisha kabatini, nikalala mapema ili kesho ifike.

Jumamosi sikusikia harufu yoyote. Baba hakupika wanga. Nilipotoka chumbani nilimkuta amekaa kitandani kwake, mlango wazi, koti na suruali vimekunjwa kando yake, na vile vitambaa viko mapajani.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Mimi, baba."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilitaka itimie. Wakikuita, uwe tayari."

Akaniambia nikamletee wembe. Nilimletea, akanionyesha nikae karibu naye, akaanza kukata uzi wangu, mshono mmoja mmoja.

"Mstari huu mtu hajishonei, Sekela," alisema akiendelea kukata. "Unashonewa na watu waliokuona unafaa. Ukijishonea, hata ile mitatu inakuwa uongo."

Nilikuwa nimeshona kwa nguvu mno. Uzi ulikuwa umepenya hadi kwenye mstari wa tatu. Wembe ukateleza. Mstari wa tatu wa bega la kushoto ukafumuka ukaning'inia. Baba alijaribu kuulaza kwa kidole gumba, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akaacha. Akaweka vitambaa juu ya koti, akafunga vyote kwenye shuka, akavitia ndani ya sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndipo nilipomwona akilia, akiwa ameniwekea mkono kichwani kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikilia. Jumapili baada ya ibada alikwenda kwa Mzee Shabani.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi ndiye niliyemwondoa baba angani kwa sindano. Nilikuwa nimeshaanza kazi ya ualimu Vwawa nilipomweleza mama. Alishangaa kwamba nilikuwa nimebeba kitu hicho peke yangu. Akaniambia barua ya kampuni ilikuwa imefika Jumanne ya wiki ile, mistari michache tu, kwamba nafasi hazipo na hazitakuwapo. Jumamosi ile baba alikuwa ametoa nguo zile ili azifunge na kuziweka. Mama alidhani kwa kuniambia ananitua mzigo. Lakini mimi nilifikiria yale maneno niliyomwambia, wakikuita uwe tayari, na barua ikiwa tayari mfukoni mwake, nikaona bora ningeendelea kuamini kosa langu.

Baba aliendesha basi kwa miaka kumi na minne, akiwa na shati jeupe, tai nyeusi, mabega matupu. Mzee Shabani hakumlazimisha hata siku moja. Watu wa Mlowo na Tunduma walikuwa tayari kuahirisha safari wangoje zamu yake, na hakuwahi kumwaga damu ya mtu barabarani. Walipoanza kujenga uwanja wa ndege kule Songwe, kandokando ya barabara yake, konda wake alituambia kwamba alikuwa akipunguza mwendo pale kila safari, abiria wakidhani kuna askari. Ujenzi ulichukua miaka. Figo zake ziliugua na hazikuungoja. Tulimzika kwa suti ya kawaida, kwa uamuzi wa mama, na hakuna aliyethubutu kulitaja sanduku la bati.

Siku hizi mistari minne imejaa kila mahali. Madereva wa mabasi wanayo, walinzi wa hoteli wanayo, hata kijana anayeelekeza magari mbele ya baa moja pale Tunduma anayo, na hakuna anayehesabu. Na ndege zinatua Songwe. Mwaka jana nilipanda moja kwenda kwenye semina Dar es Salaam, na njia iliyomchukua baba siku nzima akiwa ameshika usukani mimi niliimaliza kabla sijamaliza soda. Ndugu huniambia kwamba angefurahi sana kuuona uwanja ule, umbali mfupi tu kutoka kwao. Nawaitikia, kwa kuwa wanasema kwa upendo. Lakini mimi nilimjua. Angesimama nje ya uzio, shati limenyooka, akaitazama ndege ikijipanga mwanzo wa njia yake. Kisha angetazama saa na kuondoka kabla haijaruka, maana basini kungekuwa na watu wanaomngoja.