Ngoma Mbili, Uwanja Mmoja

Kilichonitoa Morogoro ni simu ya Baraka. Nilimfundisha sanaa chuoni, na mwaka huu ndio kwanza ameajiriwa, shule ya msingi huko Ipole, wilayani Sikonge. "Madam, nimeshindwa," aliniambia. "Ijumaa wazazi wanakuja tena kutazama ngoma ya watoto. Wakinuna kama mara ya kwanza, mwalimu mkuu anafuta kipindi cha sanaa, kinakuwa cha hisabati." Mimi na moyo wangu huu, ningelalaje? Nilifunga kibegi nikapanda treni.

Baada ya Dodoma nchi ilizidi kutanuka, mpaka nikachoka kuutafuta mwisho wake. Tabora nilishuka nimevimba miguu, nikasimama nje ya stesheni nikishangaa kama mgeni wa kijijini. Jina hili nimelifundisha miaka na miaka kwenye nyimbo za wapagazi, na leo vumbi lake lilikuwa kwenye viatu vyangu! Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kusema.

Basi la kwenda Ipole lilipita katikati ya msitu wa miyombo, mizinga ya nyuki ikining'inia juu matawini. Jirani yangu kitini, mama wa Kinyamwezi aitwaye Mama Shija, alikuwa anarudi kwake Ipole. "Babu zetu walipita huku na pembe za ndovu mabegani," alinisimulia, "kwa miguu mpaka pwani."

"Na kweli walikuwa wanaimba njia nzima?"

"Sasa mzigo ule ungeubebaje kimya?"

Msitu haukuisha, na kila nilipouwaza ule mwendo mwili ulinisisimka.

Ipole niliingia Alhamisi jioni. Baraka alinipokea kwa shikamoo ya sauti ndogo. "Marahaba, mwanangu. Mbona umebaki masikio matupu?" Alicheka kidogo, akanipeleka kwenye mazoezi. Watoto walikuwa wazuri, hatua zimenyooka, naye pembeni na filimbi yake: moja, mbili, tatu, geuka. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha mwenyewe. Sikuona kosa.

Ijumaa mchana wazazi walipangwa kwenye viti, mwalimu mkuu mbele, mama mwenye kitenge begani. Darasa la tano likacheza. Kimya. Likacheza tena, kimya cha msibani. Baraka alinitazama. Ndipo Mama Shija aliponyanyuka.

"Mwalimu, watoto wanacheza. Ngoma ya pili iko wapi?"

"Itafuata, mama. Darasa la sita watakuja baadaye."

Kicheko kikalipuka. "Ifuate nini?" akauliza Mama Shija. "Kwetu ngoma mbili zinapigwa pamoja, moja huku, nyingine kule, na mtu anakwenda anakopenda. Umetukalisha vitini, tutachagua na nini?"

Lahaula! Kumbe hawakununa. Tuliwanyima miguu yao.

Viti vikaondolewa. Baraka akanigeukia, jasho linamtoka. "Madam, chukua la tano. Mimi niko na la sita kule mwisho." Nikajifunga kanga kiunoni, nikashika ngoma kubwa. Na mimi, jamani, ngoma naijua. Uwanja mzima ukaja kwangu, mwalimu mkuu akiwa wa kwanza.

Nikamwona Baraka kwa mbali, amebaki na watoto wake tu. Nikapunguza mapigo. Mama Shija akanikaripia: "Usimwonee huruma! Watu wataona, na utamuua kabisa." Nikapiga kwa nguvu zangu zote, huku moyo unaniuma.

Hapo kijana akaitupa filimbi. Akavua viatu, akaingia katikati ya watoto, akaanzisha wimbo wa kwao Tanga. Watoto wakamjibu kwa Kinyamwezi, maneno ambayo hakuwafundisha. Ardhi ikatikisika. Mtu mmoja akaondoka kwangu, kisha kundi, kisha kina mama wote na vigelegele vyao. Mwalimu mkuu alibaki peke yake mbele yangu, kichwa kikiitikia ngoma ya kule.

"Samahani, Madam," akasema, akavuka uwanja karibu akimbie. Nikamwona anafungua kitenge chake cha juu na kumvika Baraka begani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu wa Tanga alitunzwa Ipole. Maisha yangu yote sijawahi kushindwa vile, wala kufurahi vile.

Jumamosi asubuhi Baraka alinisindikiza kituoni, amenibebea dumu la asali. Kipindi chake kilikuwa kimepona, hisabati hakuitaja hata mara moja. Tukisubiri basi niliwaza sana. Nilikwenda kumshika mkono mwalimu mchanga, kumbe alichohitaji ni mtu wa kupiga ngoma upande wa pili, tena bila kumhurumia.

Basi lilipoanza kuondoka alikimbia hadi dirishani. "Madam, utarudi lini?"

"Nikipata kikundi cha kukushinda," nikamwambia. Hadi leo nakitafuta.