Ncha Kali Ndani ya Bomba

Verna Hoskin huuza risasi kwenye mashindano ya kulenga shabaha katika jimbo la Wyoming, ambako watu wazima huvaa kama wachunga ng'ombe wa zamani na kulenga shabaha za chuma kwa bunduki za wenzo, yaani mkono wa chuma unaovutwa ili kuingiza na kutoa risasi, zilizoundwa kuiga zile za kale. Jumamosi alimkuta jirani yake Royce kwenye meza ya kujazia bunduki, akisukuma risasi za ncha kali ndani ya bomba la kuhifadhia risasi lililo chini ya mtutu.

“Royce, acha hapo hapo! Umetia ngapi?”

“Nne. Nini, dada, unanuna kwa sababu sikununua kwako?”

“Humo zinafuatana, ncha ya hii imegusa fataki ya ile, pale kitakoni panapowasha baruti. Ukifyatua moja, mshtuko unaweza kulipua zilizobaki, na mkono wako wa kushoto umelishika bomba.”

Royce akanywea, akamkabidhi bunduki. Verna akaielekeza bunduki kwenye tuta la mchanga, akawa anavuta na kurudisha wenzo polepole ili zitoke moja moja. Mbili zikatoka. Ya tatu ikakwama, watu wakarudi nyuma. Akaubembeleza wenzo hadi ikatoka, kisha ya mwisho.

“Haya, niuzie za kichwa bapa,” Royce akasema.

“Si sasa. Kakae kwanza. Ukitulia, njoo tufanye biashara.”