Binti Yangu Hupigwa Kimya Kimya Ili Moyo Wangu Usisimame

Wapendwa wa ukurasa huu, salamu. Admin, lifiche jina langu, na lile la utani pia, maana hilo ndilo wanalolijua watu wa mtaa wetu wote wa Shika Adabu.

Mimi ni baba wa miaka hamsini na sita. Zamani nilikuwa kuli kwenye maghala ya Changamwe, mtu wa kifua, mpaka mbuzi walikuwa wakinipisha njiani. Mwaka juzi moyo ulinishika nikisukuma mkokoteni wa maji. Jasho la baridi, mkono wa kushoto ganzi, nikaanguka. Tangu siku hiyo nimekuwa yai. Nikiinua ndoo, mke wangu anapiga ukelele utadhani nimebeba bomu. Chumvi nainusa tu kwa majirani.

Aliyeniokoa ni mkwe wangu, mume wa binti yangu ambaye hapa nitamwita Dama. Ana tuktuk. Alinilaza nyuma akapiga honi mpaka kwenye feri ya kuvukia kwenda hospitali kisiwani, akawasihi watu watupitishe mbele. Tangu hapo ndiye anayenivusha kwenda kliniki, na dawa zikikosekana hospitali, nazo hukosekana sana, ndiye anayezunguka maduka ya dawa kisiwani mpaka azipate. Kabla hajaanza kunitafutia, nilikuwa nakata kidonge nusu ili nifikishe mwezi. Nilimpenda yule kijana kuliko wanangu wa kiume, na wenyewe wanajua.

Daktari alinitaka niwe natembea asubuhi. Basi huenda taratibu mpaka mtaa wa Bofu, kwa Dama, nikapumzika, nikarudi. Lakini kwetu mtu haingii kwa mkwewe ghafla. Unakohoa ukiwa mbali ili wenyewe wajitengeneze. Kikohozi changu kinasikika mtaa mzima, kwa hivyo nikifika namkuta Dama mlangoni na kiti na tabasamu. Siku jicho limevimba: "Baba, ni kifuu kilinirukia nikivunja nazi." Siku anachechemea: "Niliteleza bafuni, baba." Nami nikamcheka, wallahi. Nikamwambia, "Wewe na miguu yako ya mamako, nyumba hii itakuua."

Juma lililopita jua lilikuwa kali, nikafika nyuma ya nyumba yao pumzi zimeniishia. Nikaegemea ukuta. Sikukohoa kwa sababu sikuweza.

Nikasikia kishindo cha mtu kugongeshwa ukutani, ukuta ule ule niliouegemea. Ulinitikisa mgongo. Kikafuata kofi, kikafuata kishindo kingine. Dama hakupiga yowe, alikuwa akilia kwa pua, kama mtu aliyezoea. Mkwe wangu akasema, "Nenda basi kanishtaki kwa babako! Mwambie yote, halafu umzike jioni. Moyo wenyewe ni wa kuazima ule."

Na mwanangu akamjibu, "Shusha sauti. Saa hizi baba huwa anapita."

Niliingia. Nilimkuta mkwe wangu amemkamata Dama nywele, damu imetoka puani mpaka kwenye leso, jino liko sakafuni. Mchi wa kinu ulikuwa umesimamishwa kando ya mlango. Mimi ninayekatazwa ndoo, niliuinua kama kijiti. Nilimpiga begani nikausikia mfupa ukivunjika. Akaanguka juu ya jiko, sufuria ya chai ikamwagika, akapiga kelele ambazo mwanangu alijizuia kupiga. Nikauinua tena, safari hii wa kichwa. Ningemuua, sitawadanganya. Ndipo kifua kikanibana, mchi ukaniponyoka na kuniangukia kidole cha mguu. Ndiye shujaa wenu huyo.

Nikiwa chini, mkono uliingia mfukoni mwangu. Ulikuwa wa mkwe wangu, ule uliobaki mzima, vidole vina damu. Akatoa kichupa changu cha dawa akaniwekea kidonge chini ya ulimi. "Usikimeze, mzee. Pumua. Pumua polepole." Nikaionja dawa yangu pamoja na damu ya mwanangu.

Nilipopata nafuu tuliitisha kikao cha familia. Dama akasimama mbele ya watu akasema hapigwi, kwamba baba alishikwa na kizunguzungu cha dawa akaona visivyokuwepo. Wakaonekana kumwamini, wakanitazama kwa huruma, wakaniletea maji. Tuliporudi nyumbani mke wangu akalia sana. Kumbe alijua. Mashemeji walijua, majirani wa Bofu walijua. "Ningekwambiaje, baba Dama?" akaniuliza. "Nikuue kwa mdomo wangu?"

Nikamwita Dama kando. Nikamwambia arudi nyumbani, au twende polisi sote wawili.

"Kwa polisi mume wangu atakusema wewe na mchi wako, baba. Utalala sero na moyo upi? Na dawa ataifuata nani ng'ambo?"

"Mwanangu, basi bora nife nikujue uko salama."

Hajawahi kunikasirikia vile tangu azaliwe. "Nimepigwa muda wote huu ili uwe hai, halafu wewe uniambie bora ufe?"

Akajitanda leso yake akatoka.

Siku ile ile ya kikao alirudi kwake Bofu. Mumewe bega limefungwa, mkono hauinuki. Lakini mfupa huunga, ndugu zangu, na mimi nahesabu asubuhi zangu kwa hofu hiyo. Bado naenda matembezi yangu kama daktari alivyosema. Nikifika nyuma ya nyumba nasimama pale pale ukutani, naziba mdomo kwa kiganja, nasikiliza. Sikohoi tena.

Nishaurini, nimtoeje mle ndani mtoto anayekubali kuuawa ili mimi niishi? Semeni chochote, hata cha kunitukana. Ila msiniambie nitulie kwa ajili ya moyo wangu. Huko kutulizwa ndiko kulikotufikisha hapa.